Mirzamu Tano za Nyumba ya Wakra

Hapa Katari hakuna msimu wa tufani. Ndivyo watakavyokwambia wote, kuanzia mwoka mikate wa mtaani mpaka yule anayetia petroli. Watakwambia kuna joto, kuna vumbi, kuna baridi kidogo ya kuvaa sweta, basi. Mvua wanaichukulia kama mgeni asiyelala: anakuja, anakunywa kahawa, anaaga. Mimi nimekaa nao miaka ishirini na miwili katika nyumba hii ya mji wa Wakra, inayotazama bahari, na kila mwaka joto likianza kupungua ninaitayarisha kana kwamba tufani iko mlangoni, na kila mwaka wananicheka. Wacheke. Mimi natoka pwani ya kusini, karibu na mpaka wa Tanzania, na nilipokuwa mdogo upepo uling'oa paa la nyumba ya shangazi yangu ukalibwaga juu ya kisima cha msikiti. Paa zima. Watu waliotaka kutawadha Alfajiri walianza kwa kuchimbua makuti. Sasa mtu aliyeyaona hayo, usimwambie kuna nchi ambayo mbingu yake haina mpango.

Nyumba yenyewe nikueleze, maana usipoijua hutanielewa. Ni ya chini, haina ghorofa. Ina ukumbi mkubwa katikati, majlisi ya wageni karibu na geti, vyumba vitatu, jiko, na chumba changu, mimi mpishi, nyuma ya jiko. Paa la huku ni bapa kama sinia, na limezungushiwa ukuta mfupi unaonifika kiunoni. Kwenye ukuta ule kuna matundu matano, na kila tundu lina mfereji wa mbao uliotokeza nje kama mdomo wa birika. Huo mfereji wanauita mirzamu. Mvua ikinyesha, maji ya paa yanapita humo yanarukia uani. Mume wa Yumma, Mungu amrehemu, alizichonga mwenyewe zote tano, maana alikuwa seremala kabla hajawa mtu wa ofisi.

Yumma ndiye mwenye nyumba. Si jina lake, ni neno lao la kumwita mama, na mimi namwita hivyo ingawa tumepishana miaka kumi na tano tu, au ishirini, hakuna anayejua na yeye hapendi kuulizwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, yeye hakusoma kabisa, basi tulipokutana hakuna aliyemwona mwenzake mjinga. Amejifunza Kiswahili changu, nimejifunza Kiarabu chake, na tukigombana kila mmoja hutumia lugha ya mwenzake ili matusi yafike vizuri.

Sasa habari ya shamali. Huo ni upepo wa kaskazini, unakuja Juni umelibeba jangwa lote. Ukipita, juu ya paa kunabaki unga mwekundu mzito kama unga wa mtama. Majirani wanauacha. Mimi siwezi kulala chini ya uchafu, hata kama uchafu uko upande wa pili wa dari. Basi huwa napanda na mpira wa maji, naosha. Lakini vumbi likioshwa linakuwa tope, na tope likipitia kwenye mirzamu linashuka likipeperushwa ukutani na kuacha michirizi mirefu, myekundu, kama ndevu za mzee aliyepaka hina. Yumma ukuta wake anautaka mweupe. Mara ya kwanza alipoziona zile ndevu hakusema nami siku mbili. Ndipo nikabuni njia yangu: nikawa naziba mirzamu zote tano kwa leso kuukuu, naosha paa, tope linakusanyika, nalizoa kwa ndoo na kulishusha kwa ngazi. Kazi ya punda, lakini ukuta ulibaki kama sahani. Nikimaliza nazizibua.

Isipokuwa mwaka juzi sikuzizibua. Nitalisema sasa hivi, sitalifungia mpaka mwisho kama wale wasimulizi wa redioni. Vumbi lilikuja Juni, likaja Julai, likarudi tena, na magoti yangu hayakutaka ngazi kila wiki, nikasema leso zikae humohumo mpaka joto liishe. Joto likaisha, nikasahau. Oktoba, asubuhi, ikanyesha mvua ya saa mbili tu. Paa likawa bwawa. Maji yakatafuta ufa, yakaupata, yakashuka ukumbini na kipande cha dari ukubwa wa meza. Kilianguka pembeni mwa kiti cha Yumma. Angekuwa amekaa pale, nisingekuwa naandika mzaha.

Nilipanda mbio nikakuta maji yananifika nusu ya miundi. Nikainama kuchomoa leso ya kwanza. Lakini mtoto wa kiume wa Yumma alikuwa keshafika, nasikia pumzi zake nyuma yangu kwenye ngazi. Mtoto huyo nilimkuta kijana mwembamba, sasa ana tumbo na familia yake huko Muaither. Ananiita khala, yaani mama mdogo. Akasimama pale juu akatazama bwawa lile, akatikisa kichwa, akasema, "Nyumba hii imechoka, khala. Imekwisha."

Nami leso nikaiacha humohumo. Mpishi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa amerudishwa kwao wiki ileile kwa kuunguza zulia. Zulia tu! Mimi nilikuwa nimeangusha dari. Nikaunyoosha mgongo, nikasema, "Ndiyo, imechoka."

Wakaja mafundi wa kontrakta mmoja, sikumjua na sitaki kumjua. Wakavuta maji kwa pampu, wakatandika mabusati meusi ya lami juu ya paa lote, wakayapandisha ukutani wakafunika midomo ya mirzamu kwa ndani na leso zangu zikiwa humo, wakapaka rangi nyeupe juu yake. Hakuna aliyeuliza matundu yale yalikuwa ya nini. Kwenye pembe moja wakatoboa wakatia bomba la plastiki, jembamba kama kifundo cha mkono wangu, wakasema maji yote yatatokea hapo. Mwanawe akafurahi. Lakini akamwambia mamake maneno haya, mbele yangu, nami nikiwa nimeshika sinia ya chai: "Nimeitengeneza kwa mara ya mwisho. Likiingia tone moja tu kwenye ukumbi huu, tunaufunga mlango. Kuna ghorofa nimeichukua mjini, Fereej Bin Mahmoud, ya tisa, karibu na kazini kwangu. Utakaa huko."

Yumma kwenye ghorofa ya tisa! Mtu ambaye kila siku lazima akanyage mchanga wa uani bila viatu, akawatukane kuku wake, akaketi dirishani kuhesabu mawimbi kana kwamba yanaibwa. Niliwahi kumsindikiza kwa binti yake, ghorofa ya nne tu, akakaa katikati ya zulia mpaka tunaondoka, hakusogelea dirisha. Aliniambia baadaye kwamba alihisi kama amewekwa kabatini. Nami nikajua, nikiwa na ile sinia mkononi, kwamba anatolewa nyumbani kwake kwa sababu ya leso zangu.

Mwaka mzima nikakaa na hilo. Sikulala vibaya, nisiseme uongo, mimi nalala popote. Lakini chakula kilipoteza ladha, na kila nikimpelekea dawa zake nilikuwa nasimama kidogo, nafungua mdomo, nafunga.

Basi mwaka jana, joto lilipopungua, dereva akaja jikoni na simu. Dereva wetu ni Mganda, Mkristo wa kwenda kanisani kila Ijumaa, maana huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, na ni mtu mwema ila mwoga wa kupindukia. Kwenye simu kulikuwa na duara jeupe linazunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo la sinki.

"Maama, tazama. Kimbunga. Kiko bahari ya Omani."

"Kitakuja huku?"

"Chenyewe hapana. Wanasema mkia. Mkia utatupiga keshokutwa. Vumbi kwanza, halafu mvua mingi."

"Mkia wa nyoka ndio unaochapa," nikamwambia. "Lete magunia ya mchele."

Siku mbili zile nilifanya kazi kama msichana. Yeye alijaza magunia mchanga tukayapanga kwenye geti na kwenye mlango wa ukumbi. Nikaingiza mito ya majlisi, nikaikunja turubai ya kivuli cha gari, nikafunga mifuniko ya matangi ya maji kwa kamba, maana mfuniko ukiruka unakata mtu. Dishi la televisheni tukalilaza chini kabisa. Nikabandika karatasi za gundi kwenye vioo. Sindano za sukari za Yumma nikaziweka kwenye chupa ya chai yenye barafu, umeme ukikatika zisiharibike. Nikachemsha mayai, nikaoka mikate, nikapika mchuzi mkavu wa papa ambao unakaa siku tatu bila friji, nao huko kwetu ndio chakula cha safari. Kuku saba tukawaingiza kwenye bafu la wageni. Jogoo alikataa akapigana na dereva, na mshindi hakuwa dereva.

Yumma alikuwa anatoa amri kutoka kwenye kiti. "Funga na lile! Wewe Mganda, gunia limelala kama mlevi, lisimamishe!"

Mwanawe akapiga simu mara tatu kutaka kumchukua. Mara ya kwanza Yumma alisema anaswali. Mara ya pili alisema analala. Mara ya tatu akaichukua simu mwenyewe, akasema, "Nilizaa watoto sita kwenye nyumba hii na wote walitoka wakiwa wakavu kuliko wewe unavyosema," akakata. Sikuielewa maana yake mpaka leo, lakini aliisema kwa nguvu sana.

Mwanawe akatuma ujumbe kwa dereva: sawa, abaki. Mvua ikiisha nitakuja kuangalia ukumbi. Tone moja, mnajua.

Sasa kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kile kimoja. Asubuhi ya siku yenyewe nilikwenda stoo nikachukua mtaimbo, nyundo na tindo, nikavileta uani alipokuwa dereva anafuta gari ambalo lingechafuka baada ya saa tatu.

"Panda juu," nikamwambia. "Kuna mahali matano nataka uvunje."

Akanitazama kama nimemwambia akaibe benki. "Maama, hapana. Hapana kabisa. Ile lami ni ya bosi. Akinipata huko juu nimeshika nyundo, kesho niko Entebbe na begi moja."

"Chini ya ile lami kuna matundu ya maji."

"Kuna bomba."

"Bomba lile unaweza kuliziba kwa kandambili moja. Hilo paa litajaa, na likijaa litashuka, na likishuka Yumma anakwenda kabatini."

"Kabatini?"

"Ghorofa ya tisa."

"Lakini maama, wewe umejuaje kuna matundu?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Mtu wa kwanza kumwambia, mwaka mzima, dereva, uani, na kitambaa cha gari mkononi mwake. Leso, vumbi, magoti, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka. Akacheka akaegemea gari. "Kumbe ni wewe! Mimi nimeomba kanisani kwa ajili ya hii nyumba! Nimesema Bwana, ondoa laana ya hii nyumba! Kumbe laana inapika chapati!"

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Lakini kupanda, sipandi."

Basi nikapanda mimi. Nina miaka sitini na minne kwenye pasipoti, na pasipoti yangu iliandikwa na mtu mwenye huruma. Nikakunja deri, nikafunga leso kiunoni, mtaimbo mkono mmoja, nikaikwea ile ngazi goti kwa goti huku nikisema kila nilichokijua, cha dua na kisicho cha dua. Nilipofika kipago cha sita nikasikia ngazi imetulia, haitikisiki tena. Nikatazama chini, dereva ameishika kwa mikono miwili, amefumba macho.

"Fumbua macho, unanishikia ngazi si maiti."

"Nasali, maama."

"Sali ukipanda."

Akapanda. Nafikiri ni aibu iliyompandisha. Tukaanza na mirzamu ya upande wa bahari. Tukachana lami, tukapiga tindo, na mara ya tano hivi nyundo ikaingia ndani pu! kama kwenye mto. Nikatia mkono nikavuta. Leso yangu ya zambarau, imekauka ngumu kama ngozi ya mbuzi. Nikaitupa uani. Chini nikasikia Yumma anauliza kuku gani kafa.

Tulikuwa kwenye ya pili simu ya dereva ilipolia. Akaitazama, rangi ikamtoka. "Ni yeye. Maama, kamera!"

Kamera niliisahau. Iko juu ya nguzo ya geti, mwanawe huitazama kutoka kazini. Alikuwa anatuona kama sinema: mpishi wake na dereva wake, juu ya paa, wanavunja.

"Nipe," nikasema.

"Khala," sauti ikasema, "unafanya nini huko juu?"

"Navunja."

"Unavunja nini?"

"Ulichotengeneza."

"Khala, shuka. Shuka sasa hivi, dhoruba inakuja, utaanguka, na hilo paa limetengenezwa na mafundi—"

"Paa halikuwa na ugonjwa, mwanangu. Mimi niliziba mirzamu za babako kwa leso zangu nikiosha vumbi, nikasahau kuzizibua. Maji yaliyoingia ukumbini niliyaingiza mimi. Mafundi wako wakaja wakanizikia makosa yangu humohumo. Nyumba haijachoka. Yaliyochoka ni magoti yangu."

Upepo ulikuwa umeanza, unapiga kwenye simu fuu, fuu.

"Mwaka mzima," akasema.

"Mwaka mzima."

"Ulininyamazia. Nilitaka kumhamisha mama, nawe umenyamaza."

"Nilinyamaza. Niliogopa kurudishwa. Sasa sinyamazi, na wewe unammalizia mtu chaji."

"Shuka, khala. Haya tutayazungumza, na ikama yako pia tutaizungumza."

Hiyo ikama ndiyo karatasi ya kukaa hapa. Ukitaka kumtisha mtu wa kazi huku, hulazimiki kupaza sauti, unaitaja tu. Nami nilitishika. Lakini nilikuwa na mtaimbo mkononi na pale chini Yumma amesimama uani bila viatu, ananitazama juu, mkono umekinga macho.

"Tutaizungumza," nikamwambia. "Tazama kamera yako vizuri, uone tunavyofanya. Sishuki." Nikamrudishia dereva simu.

"Umekata?" akauliza.

"Sijui kukata. Wewe kata."

Tulifungua nne. Ya tano ilikuwa nyuma ya tangi kubwa la maji, mkono haufiki, na mbingu ya kaskazini ilikuwa imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Tukashuka. Nilipofika chini nikaegemea ngazi. Yumma hakuniuliza kitu. Alikuwa amesikia yote, mimi nikiongea kwenye simu huwa naongea kama niko ng'ambo ya mto. Aliiokota ile leso ya zambarau akaitikisa, ikatoa vumbi, akaniambia, "Hii nilikununulia mimi sikukuu."

"Ndiyo, Yumma."

"Ulizibia mfereji."

"Ndiyo, Yumma."

"Punda," akasema kwa Kiswahili, akaingia ndani.

Vumbi lilikuja kabla ya Adhuhuri. Mchana ukawa kama tumefunikwa gunia. Halafu upepo ukakata ghafla, matone makubwa yakaanza kudondoka, yenye matope, kila tone linaacha doa kwenye vioo. Na halafu ikamwagika. Sijawahi kuona mvua kama ile nchi hii. Haikuwa na manyunyu ya kuanzia wala ya kumalizia.

Yumma alikwenda akaketi mahali palepale ilipoanguka dari. Tulimsihi.

"Sogea, Yumma, tafadhali."

"Sisogei. Likianguka liniangukie mimi, nilione lina adabu gani."

Basi nami nikavuta mkeka nikaketi miguuni pake, ningefanya nini? Dereva akasimama mlangoni na fagio la mpira la kusukumia maji, maana barabara ilikuwa imekuwa mto na maji yalianza kupenya kati ya magunia. Kwenye bafu jogoo anawika bila mpango. Na pale juu yetu, katikati ya lile dari jipya walilotia mafundi, likatokea doa. Mwanzoni kama sarafu. Nikamwangalia Yumma, naye keshaliona. Likawa kama kisosi. Doa likafika ukubwa wa sahani, katikati yake pakang'aa, pakaanza kuvimba kama jicho linalotaka kulia.

Nikainuka nikaenda dirishani, sikuweza kutazama. Na pale dirishani nikaona. Mirzamu ya upande wa bahari ilikuwa inatoa maji kama bomba la zima moto, kwanza mekundu, meusi, na vipande vya lami, na matambara, na kitu kama kiota cha njiwa, halafu mengi, meupe, yanaruka juu ya ua yanapiga mchanga. Nikatoka nje nikiwa vilevile. Ya pili inatoa. Ya tatu inatoa. Ya nne inakohoa, imeziba kidogo. Nikachukua mti wa kuanikia nguo nikausukuma ndani kutoka chini, nikachokoa, nikachokoa, maji yakinimwagikia kichwani mpaka sioni, ikaachia, nusura initupe chini. Nililia kwa sauti. Si kwa huzuni. Nilikuwa naitukana mvua. Niliiambia leta yote, leta, usibakishe, na maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika.

Nilipoingia Yumma alikuwa amenyoosha kiganja chake chini ya doa, mkono umemchoka lakini hajaushusha.

"Limedondoka?"

"Bado."

Tukakaa hivyo. Mvua ilipiga mpaka Alasiri. Lile jicho halikulia. Lilikaa limevimba, likaanza kufifia ukingoni, na Yumma akaushusha mkono wake, akautazama, akaufuta kwenye nguo ingawa ulikuwa mkavu.

Mwanawe alikuja jua likiwa bado lipo, kwa miguu. Gari aliliacha mbali kwenye mzunguko kwa sababu barabara ilikuwa maji matupu. Kanzu ameikunja mpaka magotini, viatu vinatoa sauti ya chura kila akikanyaga. Hakusalimu. Aliingia ukumbini akatazama juu, akachukua ufagio akaligusa lile doa kwa mpini. Akagusa tena. Akageuza mpini akaushika ncha kuona kama umelowa.

Simu yake ikalia. Alisikiliza, akauliza, "Zote mbili? Mpaka lini?" akakata. Akakaa kwenye mkono wa kochi. Dereva ndiye aliyeniambia baadaye: aliyepiga alikuwa bawabu wa lile jengo la Fereej Bin Mahmoud. Maegesho ya chini ya ardhi yamejaa maji, umeme umezimwa, lifti zote mbili hazifanyi kazi, na watu wa ghorofa za juu wamekaa kwenye ngazi.

Akauegemeza ufagio ukutani. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Mama atabaki hapa."

"Nani alikuuliza?" Yumma akasema.

Akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama nadondosha maji kwenye zulia, mti wa nguo bado mkononi. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimekwisha panga moyoni nguo gani naacha na gani nabeba.

"Na wewe, khala. Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Usipande tena huko juu. Umenisikia? Ukitaka kitu huko juu, niambie mimi."

"Nikikwambia unaleta mafundi."

Dereva alikohoa akageukia ukuta. Mwanawe aliinamia viatu vyake, na nilimwona yule kijana mwembamba niliyemkuta zamani, akigombezwa kwa kumwaga maziwa. Habari ya ikama hakuitaja. Akitaka kuitaja siku nyingine na aitaje, nipo.

"Siwezi kurudi Muaither leo," akasema. "Barabara imefungwa." Halafu, taratibu: "Kuna chakula?"

"Chakula kipo," nikamwambia. "Lakini vua viatu kwanza. Humu ndani ni pakavu."